Dawa ya Kutoa Dawa

SWALI: Naandika ikisiri ya tasnifu yangu kuhusu "vichembe nano vidogo sana vya peptaidi vya utoaji wa dawa kwenye uvimbe wa saratani". Msimamizi wangu anataka "peptidi". Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa famasia, Dar es Salaam)

JIBU: Msimamizi wako. Tuna oksidi, tuna kloridi, basi na peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vya protini, ipite. Asili yake ni Kigiriki, mambo ya kumeng'enya chakula.

Kilichoninyima usingizi ni huo "utoaji". Mwanangu, nenda duka la dawa ukaombe dawa ya kutoa minyoo. Utaimeza, na minyoo itatoka. Sasa chembe ya kutoa dawa itafanya nini? Itaingia mwilini ikutoe dawa uliyomeza asubuhi! Mpe mgonjwa zote mbili, moja itoe minyoo, nyingine itoe dawa ya minyoo, tuone ipi itawahi.

Utaniambia muuguzi naye hutoa dawa. Ndiyo, dirishani, na kazi yake huishia hapo hapo. Ukienda kuisahau juu ya kabati, yeye hayumo. Chembe yako ina safari ndefu zaidi. Juu yake hubandikwa peptidi fupi ya asidi amino tatu, yaani arginini, glisini na asidi aspatiki, ili inase kwenye integrini, protini zilizojaa katika mishipa mipya inayolisha uvimbe. Ndani imepakiwa, tuseme, doksorubisini, dawa ya saratani. Ikisanifiwa vizuri, inapofika kwenye uvimbe, penye asidi zaidi kuliko damu, hulegea, dawa ikamwagika. Kuna kubeba, kuna kufikisha, kuna kuachilia. "Utoaji" umeyameza yote matatu, na hapo mtahini hajui unazungumzia lipi.

Wapo wanaokimbilia "uwasilishaji". Nasaba yake haina doa, maana kuwasili ni kufika, ila siku hizi limevaa tai, linawasilisha hoja na ripoti. Nimechoka kuligombania. Ukiliandika, nitanyamaza.

Mimi ningeandika "chembe nano za peptidi za kufikishia dawa kwenye uvimbe wa saratani": kufikishia, kama kisu cha kukatia nyama. Na hilo "vidogo sana" lifute. Nano kwa Kigiriki ni kibete, na nanomita ni kipande kimoja cha mita iliyokatwa vipande bilioni moja. Kwani ulitaka wasomaji wadhani ni matofali?