Re: Siku moja Istanbul na mshikaji, tuanzie wapi?
Mkuu, siku moja inatosha kuzunguka Istanbul kama hamtalala hotelini mpaka saa nne. Mimi na mshikaji wangu tulianzia mtaa wa kale wa Sultanahmet asubuhi asubuhi, Hagia Sophia, lile kanisa la tangu mwaka 537 ambalo sasa ni msikiti, inatazamana kabisa na Msikiti wa Bluu, ila kwenye huo Msikiti wa Bluu ukifika muda wa swala watalii mnasubiri nje. Grand Bazaar, lile soko kubwa la kale, Jumapili hawafungui, sisi tulikuta mageti yamefungwa tukabaki kuchekana tu. Halafu msikose feri ya Eminönü kwenda Kadıköy, yaani mnatoka Ulaya mnaingia Asia huku mnakunywa chai na simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, jamaa yangu nusu ya simit yake walikula shakwe. Vaeni raba aisee, vile vilima si mchezo.