Miaka mitatu mikono mitupu, Jumamosi nimeokota pembe mbili

Jumamosi iliyopita, kwenye vilima vya kusini mashariki mwa Minnesota, Marekani, niliokota pembe mbili za kulungu mmoja, ya kushoto na ya kulia, kila moja ina ncha nne. Ziko mezani hapa ninapoandika. Nikizitazama nakumbuka misimu mitatu niliyorudi nyumbani bila kitu.

Kwa walio nyumbani Afrika: pembe za kulungu wa huku si kama za swala au mbuzi. Ni mfupa mtupu, huota upya kila mwaka, na dume huziangusha, wengi wao kati ya Januari na Machi, homoni zikishapungua baada ya msimu wa kupandana.

Mwaka wa kwanza nilikwenda na mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa huku. Mimi nilitangulia, yeye akaja nyuma yangu akaokota tatu kwenye njia ileile niliyopita. Jumatatu akawasimulia wenzetu kwamba mimi pori silioni. Wakacheka. Mimi, niliyechunga mbuzi Singida tangu nina miaka saba! Neno lile bado linaniuma.

Kosa langu lilikuwa kutafuta pembe nzima. Pembe imezama kwenye majani makavu, kinachojitokeza ni ncha moja tu, au kipande kilichopinda. Babu alikuwa akituambia, mbuzi akipotelea kichakani usimtafute mbuzi, tafuta sikio. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Basi nikanunua pembe moja, mwanangu akawa anaitupa kwenye nyasi nyuma ya nyumba kila jioni, mimi naitafuta. Baada ya wiki mbili macho yakaanza kushika ule mpindo kabla sijajua ninaangalia nini.

Nenda siku ya mawingu, hasa mvua ikishakatika. Majani yakilowa huwa meusi na pembe inang'aa, lakini jua kali huleta vivuli vinavyodanganya. Anzia miteremko inayotazama kusini, ndiko kulungu hulala kuota jua wakati wa baridi, kisha pembezoni mwa mashamba yaliyovunwa mahindi. Tembea polepole. Simama, geuka nyuma, kwa sababu usichokiona ukipanda utakiona ukishuka. Narudia: polepole. Usingoje hadi Mei, panya na kuchakuro huzitafuna kwa ajili ya madini yake. Wala usiwahi mno, theluji ikiwa bado nene, ukawakimbiza wanyama wenye njaa. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na ukirudi jikague kupe.

Ndugu zangu wa ughaibuni, tumezoea mbio. Zamu ya usiku, zamu ya mchana, simu mkononi hata msituni. Ukienda hivyo utazikanyaga pembe na usizione. Zima simu. Mwache mtoto aje nawe, atakuonyesha vitu ulivyokwisha kuvipita.

Na ukipata moja usiondoke. Jumamosi ile, pembe ya kwanza ilikuwa chini ya mwaloni. Nikazunguka pale karibu saa nzima, mwishowe nikafuata njia ya kulungu hadi kwenye uzio wanaporuka. Kishindo cha kutua huiangusha pembe iliyolegea, na ya pili ilikuwa palepale, upande wa pili wa waya. Nimempigia picha zote mbili mwenzangu yule, nikamtumia. Mpaka sasa hajajibu.