Kabla hujapima tishu ya valvu ya moyo, tia alama

Wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba wakija kupima tishu ya valvu, wengi hukimbilia mashine ya kuivuta. Mimi huwaomba waiache kwanza, washike moyo wenyewe. Pasua aorta, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kwa mkasi: utakuta viwambo vitatu vya valvu, kila kimoja chembamba kuliko milimita moja. Kiinue kimoja kwenye mwanga wa dirisha, utaona mistari myeupe inayotoka pembe hii hadi pembe ile. Hiyo ni kolajeni, protini yenye nyuzi imara, na ndiyo inayobeba mzigo valvu inapofunga.

Basi kabla hujakata chochote, tia alama ya mwelekeo. Ukikivuta kiwambo kwa kufuata mistari hiyo, kinakaza upesi. Ukikivuta kutoka ukingo ulio huru kuelekea kilipoota kwenye ukuta wa aorta, kinanyumbuka zaidi kwa mbali. Kipande kisichojulikana kilikatwa upande gani hakikuambii kitu, hata mashine iwe ghali namna gani.

Halafu uwe na subira. Nyuzi za kolajeni zimejikunja mawimbi mawimbi, kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Nguvu ndogo inazinyoosha tu, na grafu ya nguvu dhidi ya mnyumbuko inatambaa chini. Zikishanyooka, inapanda ghafla. Ndiyo maana namba moja ya ugumu haitoshi. Useme umeipima sehemu gani ya grafu. Tena vuta na kuachia mara kadhaa kabla ya kurekodi, mpaka grafu ianze kujirudia.

Muda wote huo tishu ikae ndani ya maji ya chumvi, nyuzijoto 37, maana ikikauka inakakamaa. Kipande kikipasukia kwenye kibanio cha mashine, usikihesabu.

Mioyo inapatikana machinjioni. Wa nguruwe ndio unaotumika sana, ila asiyeshika nguruwe kwa sababu ya dini yake atumie wa kondoo, mradi aandike hivyo.

Andika pia kama tishu ni mbichi au imelowekwa kwenye glutaraldehaidi, dawa inayotumika kuandaa valvu za wanyama za kupandikiza. Hapo mwanzo zililowekwa zikiwa zimetiwa shinikizo. Mawimbi ya kolajeni yakanyooka na kubaki hivyo, viwambo vikawa vigumu. Baadaye watengenezaji wakaanza kuziloweka bila shinikizo. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha vipimo vyako na vya utafiti wa zamani, tafuta kwanza tishu yao iliandaliwaje.