Bata kuhamisha kome: mkague trela kabla hujamlaumu ndege

Mdau ameuliza kama bata wa porini, kama wale wanaojazana kwenye mabwawa ya majitaka ya Ruai, Nairobi, wanaweza kuhamisha kome wavamizi (viumbe wa majini wenye magamba mawili, wanaoenea kusiko kwao) ziwa hadi ziwa. Wanaweza, lakini kwa nadra sana.

Wazo si geni. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alining'iniza miguu ya bata kwenye tangi lenye mayai ya konokono wa majini yakianguliwa. Vikonokono viling'ang'ania, na hewani penye unyevu vikaishi saa 12 hadi 20. Bata anafika mbali kwa muda huo. Ila kome si konokono. Kome wenye milia, asili yao upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi, waliogunduliwa Ziwa St. Clair huko Amerika Kaskazini mwaka 1988, wachanga wao huelea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kujishikiza. Manyoya yakikaukia angani, kwisha habari yao. Bata akimmeza kome, firigisi inamsaga na gamba lake. Na hata mmoja akivuka, dume na jike humwaga mbegu na mayai majini, hivyo aliye peke yake hazai.

Mimi natengeneza injini za boti hapa Industrial Area, nyingi zikivutwa na trela kutoka Naivasha. Kuna boti moja niliifungua kizibo cha nyuma, yakamwagika maji ya kijani yanayonuka. Kwenye ekseli ya trela magugu yamejisokota, bado mabichi, na ndani yake konokono wadogo kama mtama wanatambaa. Mwenyewe alikuwa njiani kuipeleka Kisumu! Kome mzima huvumilia siku kadhaa nje ya maji akipata ubaridi na unyevu, na watafiti wa Marekani waliwakuta kome wakisafirishwa hivyo hivyo, wamenasa kwenye magugu ya trela. Hata wale kamba wekundu wa Naivasha, asili yao Marekani, waliingizwa na binadamu mwaka 1970. Ndege hakuhusika.

Kwa hiyo mwenye boti, ng'oa magugu ukiwa bado ufukweni, toa kizibo, mwaga ndoo ya chambo nchi kavu, kisha anika boti juani kama siku tano. Injini nayo iteremshe isimame wima mpaka maji ya kupozea yaishe. Wengi huisahau hiyo.