Mama ana watoto wanane, mama mdogo hana

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, aliyezaa watoto wengi hubaki na akili timamu zaidi uzeeni? Kwetu Walukuba, Jinja, jibu nimeliona kwa ndugu wawili.

Mama yangu alizaa wanane. Tulipomaliza shule tukatawanyika: Kampala, Juba, mmoja Dubai. Simu tulipiga, pesa tulituma. Miaka mitatu iliyopita nilimkuta amebandika chai jikoni, haina maji, sufuria imeungua hadi imegeuka nyeusi. Akaniita kwa jina la marehemu kaka yake. Kliniki tuliyompeleka wakasema ni uzee tu. Iliniuma sana, maana hata presha hawakumpima, wala masikio hawakuyatazama.

Mama mdogo, anayemfuata kwa miaka miwili, hakujaliwa mtoto. Cherehani yake iko barazani mpaka leo, na watoto wa majirani hushinda pale wakicheza naye mweso, mchezo wetu wa bao. Mashimo 32, kete 64, na yeye huzihesabu kwa macho kabla mkono haujagusa ubao. Ukiiba kete moja, atakudai uirudishe.

Mwaka 2019 watafiti walitazama picha za ubongo za wanawake wapatao 12,000 wa Uingereza, wakaona ubongo wa waliozaa unaonekana kijana kidogo kuliko wa wasiozaa. Ungedhani ni kazi ya mimba. Lakini utafiti wa 2025, wa watu wapatao 37,000 wa hukohuko, ulikuta dalili zinazoelekea huko hata kwa akina baba, na baba habebi mimba. Mimi naamini siri iko katika kulea: maswali yasiyokwisha, ugomvi wa kuamua, kukumbuka nani hajala. Hayo mama mdogo anayo kila siku, bila kuzaa.

Tena wingi una gharama. Utafiti wa Ulaya wa 2022 ulikuta wazee wenye watoto watatu na zaidi wakiwa nyuma ya wenye wawili katika vipimo vya akili. Uganda, ambako mwaka huohuo wastani ulikuwa watoto 5.2 kwa kila mwanamke, jambo hili tulizungumze waziwazi, hasa na wanaume. Mama alilala njaa ili sisi tusome.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu nusu ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni (dementia) vingeweza kuzuilika au kuchelewa. Yamo presha, sukari, kutosikia vizuri, upweke. Idadi ya watoto haimo.

Sasa mama anameza dawa ya presha, masikio yametibiwa, na binti yangu wa miaka tisa amehamia kwa jaja (bibi) yake. Jioni wanapiga pamoja hesabu ya nyanya za sokoni. Mama hajapona. Jumamosi tunampeleka kwa mdogo wake. Sheria za mweso zimemponyoka nyingi, lakini akishika kete, mkono unajua pa kuelekea.