Jibu: Kuijenga upya tovuti yako ya kazi

Ndugu yetu wa Wete, umeuliza kama uivunje tovuti yako ya kuonyesha wateja kazi zako za kutengeneza tovuti na kuijenga upya, kwa kuwa ina kazi 20 na inachelewa kufunguka kwenye simu. Mimi nisingeanza na rangi wala aina ya herufi. Bakisha kazi nne au tano, na kwa kila moja eleza mteja alikuwa na shida gani, wewe mwenyewe ulifanya nini na kipi kilibadilika, kwani mwenye nyumba ya wageni ya Nungwi au Paje hatosheki na picha ya ukurasa mzuri. Anataka kujua kama utalielewa tatizo la wageni wake wanaoshindwa kuweka nafasi kwa simu.

Kuhusu kuchelewa, nashuku picha. Zipunguze upana, kisha zigeuze ziwe WebP, muundo wa faili nyepesi za picha uliotangazwa na Google mwaka 2010, na ujaribu kwa simu ya bei nafuu, si kwa kompyuta yako (kosa hilo nimelifanya sana). Kipengele kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Anwani za kurasa zikibadilika, zile za zamani zielekeze kwenye mpya, la sivyo viungo ulivyokwisha kuwapa wateja havitafunguka.