Dada unayeanza kazi kwa Wayahudi Ijumaa: kosheri SI "halali bila nguruwe"

Dada, hebu simama kwanza. Unasema Ijumaa unaanza kumtunza bibi wa Kiyahudi huko Brooklyn, New York, familia ya Waothodoksi (Wayahudi wanaoshika sana sheria za dini yao), na unaomba tukueleze kosheri (sheria zao za chakula), Sabato, mezuza (kikasha cha maandiko kwenye mwimo wa mlango) na rabi (mwalimu wao wa dini). Halafu unamalizia: "kosheri si tatizo, wakala kasema ni kama halali tu, mradi nisilete nguruwe." Mimi wakala wangu alinipa maneno hayo hayo, na ndiyo yaliyonikosesha kazi. Mengine yasubiri.

Nguruwe ndiyo sehemu rahisi. Kinachotawala jiko lao ni kutenganisha nyama na maziwa. Tora, yaani Torati, inakataza mara tatu kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na marabi wakaliwekea katazo hilo uzio mpana: nyama, hata ya kuku, haipikwi wala hailiwi pamoja na maziwa, siagi au jibini. Kwa hiyo vyombo ni seti mbili: sufuria, visu, sahani, spongi, mara nyingi hata sinki. Vya nyama wanaviita fleishigi, vya maziwa milkhigi. Kisicho huku wala huko, kama mayai, samaki na mboga, ni pareve. Wengi wao wakishakula nyama hungoja saa 6 ndipo waguse maziwa.

Sasa sikia. Nilimchemshia mzee maziwa ya kulalia. Sufuria ndogo, safi, inang'aa; mwiko wa mbao; kikombe cha udongo. Kumbe vyote vya nyama! Binti yake akaingia, akasikia harufu ya maziwa, akabaki kaganda mlangoni. Hakunifokea. Alimpigia rabi simu, nami nikawa nasikia akijibu maswali: maziwa yalikuwa ya moto? Kiasi gani? Sufuria hii mara ya mwisho ilipikiwa nyama lini? Hilo la mwisho ndilo lililotumaliza, maana ilipikiwa supu ya kuku usiku wa jana yake. Kwao chombo hunywa ladha ya kilichopikwa ndani, na kabla ya saa 24 kupita ladha hiyo inahesabiwa bado mbichi. Maziwa yakamwagwa. Sufuria ikawekwa kando siku nzima, ndipo ichovywe kwenye maji yanayotokota. Mwiko ukatupwa. Kikombe nacho jalalani, kwa sababu chombo cha udongo hakitakasiki kwa kuchemshwa, na kile kilikuwa cha seti ya marehemu mama yao.

Wiki haikuisha nikaambiwa nisirudi. Familia ile siilaumu hata kidogo. Ninamlaumu yule mtu wa wakala, anayepeleka watu kwenye nyumba za Wayahudi na kula kamisheni ilhali hajui hata pareve ni nini! Halali na kosheri zina undugu, sawa, lakini Mwislamu anakula pilau la nyama na kushushia mtindi bila shida. Kwenye nyumba hizo, huo ni msiba.

Kwa hiyo shika hili moja: usiguse chombo, spongi wala jiko kabla hujauliza "hiki cha upande gani?" Uliza hata kama jana uliuliza. Wengi hubandika alama za rangi, lakini kila nyumba ina mpangilio wake, usikisie. Chakula chako usikipashe kwenye maikrowevu yao. Ukitumwa dukani, angalia muhuri: U ndani ya duara ni wa Orthodox Union, shirika linalothibitisha vyakula vya kosheri; ikifuatwa na D, ni cha maziwa; ikifuatwa na P, usidhani ni pareve, hiyo ni ya Pasaka ya Kiyahudi. Hata yai usimkaangie bibi kabla hujauliza, maana nyumba nyingi zinataka Myahudi mwenyewe ndiye awashe moto.

Sabato kwa kifupi: huanza Ijumaa kabla jua halijazama hadi nyota zitoke Jumamosi usiku. Hawapiki, hawawashi taa, hawagusi simu. Ila bibi akizidiwa, wewe piga namba ya dharura hapo hapo, kwao uhai unatangulia Sabato. Mezuza wenzangu hapa watakueleza.

Mpigie binti yake leo, umwombe Ijumaa asubuhi akutembeze jikoni kabati kwa kabati. Usingoje jioni: mishumaa huwashwa kama dakika 18 kabla ya jua kuzama, na baada ya hapo simu yako hataipokea.